Rudini Palepale

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita, mapema Machi, mbele ya wazazi wanaofundishia watoto wao nyumbani hapa Nakuru. Wenzetu wa Kisumu, Kakamega na Kericho ambao hawakuweza kusafiri waliomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziacha.

Wazazi wenzangu, hamjambo? Wazee wetu, shikamooni. Na nyinyi watoto mlioketi pale mbele kwenye mkeka, hamjambo?

Nianze na swali. Ni wangapi kati yetu tuliwatoa watoto darasani, halafu tukaenda kununua dawati? Inueni mikono. Wangu huu hapa. Miaka sita iliyopita, tulipoamua kumfundishia kifungua mimba wetu nyumbani, kitu cha kwanza tulichonunua ni ubao. Cha pili, saa ya ukutani. Sebule ikawa darasa. Saa mbili kamili asubuhi, sayansi: taja sehemu za mmea. Mtoto anataja. Mzizi, shina, jani, ua. Na hatua tatu tu nje ya dirisha, mparachichi wetu ulikuwa umechanua, umejaa nyuki unaowasikia ukiwa ndani. Kila mtoto alipogeuza shingo kutazama, nilimwambia atazame mbele. Nilifanya hivyo mwaka mzima, wazazi wenzangu. Mwaka mzima! Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonileta hapa mbele yenu.

Najua mnachofikiria. Mnafikiria nitasema tukodi basi, tuwapeleke watoto mbugani. Safari ni nzuri, nami huwapeleka. Lakini leo nina ombi moja tu kwenu, na ni dogo kuliko safari. Rudini palepale. Chagueni mahali pamoja, penye mti mmoja, kichuguu kimoja, au kipande cha ardhi kisichozidi mkeka huu. Mwende hapo leo, mwende wiki ijayo, mwende mwezi ujao, mwaka uishe mkiwa mnaenda palepale, mtoto akiwa na daftari na penseli.

Kwa nini palepale? Ngoja niwaambie habari za ufito wetu.

Baada ya ule mwaka wa sebuleni, mume wangu alikata ufito, akaupima ukawa mita moja kamili juu ya ardhi, akausimamisha uani. Ili usiegemee upande tulitengeneza timazi ya uzi na nati ya baiskeli. Hatukutumia hata shilingi moja. Kazi ya mtoto ilikuwa hii: kila Ijumaa, kuanzia saa tano na nusu, aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, mpaka kivuli kiache kufupika na kianze kurefuka. Kisha apime kile kifupi kuliko vyote, aandike. Ijumaa ya mawingu aliandika "mawingu".

Wiki ya kwanza alikuja mbio jikoni. "Mama, saa yetu imeharibika." Kwa nini? "Ni saa sita imepita na kivuli bado kinafupika." Na kweli, kivuli hakikufika mwisho wake saa sita. Kilifika karibu saa sita na nusu, na wiki nyingine kikachelewa zaidi. Yeye alikuwa ameambiwa, kama sote tulivyoambiwa, kwamba saa sita mchana ndipo jua liko utosini. Nani alimdanganya? Hakuna. Saa zetu za Kenya zimepangwa kwa jua la mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Nakuru tuko nyuzi 36. Jua hutumia dakika 4 kuvuka uzi mmoja, na nyuzi ni 9. Watoto, 9 mara 4? Ndiyo, 36. Jua la utosini likitoka kule huchukua dakika 36 kutufikia hapa. Wale wa Kisumu, ninyi mko mbali zaidi upande wa magharibi, linawafikia dakika 5 baada yetu. Dakika nyingine chache huongezeka na kupungua kadiri mwaka unavyokwenda, kwa sababu njia ya dunia kuzunguka jua si duara kamili na dunia yenyewe imeinama.

Lakini hilo lilikuwa la wiki moja tu. Lililotushangaza lilitaka miezi. Mwezi wa Juni kivuli kifupi cha ufito wetu kilikuwa sentimita 44, na kilielekea kusini, kule ziwani. Mtoto akaandika. Kikaanza kufupika, Ijumaa baada ya Ijumaa. Mwezi wa Septemba, siku moja, kikatoweka. Ufito umesimama juani na hauna kivuli! Halafu kikaanza kuchomoza upande wa pili. Kufika Desemba kilikuwa sentimita 43, kikielekea kaskazini, kule Menengai. Mtoto alisimama pale uani akiangalia mlima, akiangalia daftari, akiangalia mlima. "Mama, kivuli kimehama."

Je, mtoto huyo anahitaji tena kukariri kwamba dunia imeinama karibu nyuzi 23 na nusu? Ameipima mwenyewe kwa rula. Na angetoka mara moja tu, hata kama ingekuwa safari ya siku tatu na basi na chakula, angeona kivuli tu.

Sasa nije kwenye jambo la pili, nalo linahusu mikono. Mkono utangulie, jina lifuate. Sote hapa tunalijua ziwa letu. Tumeishi tukiona maji yakipanda kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka yakafunika lango kuu la mbuga na kuingia kwenye nyumba za watu. Siku moja mwanangu wa pili akaniuliza, "Flamingo wameenda wapi?" Heroe, ndege wetu, wale walioufanya mji huu ujulikane. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Nililimeza. Nikatoa magadi.

Magadi haya haya tunayotia kwenye mrenda na maharagwe. Tulikoroga magadi katika maji kwenye sahani bapa, tukaiacha juu ya mabati. Kando yake tukachemsha kabichi ya zambarau tukapata maji yake ya rangi. Jaribuni hili leo jioni, nawaomba. Tia maji ya kabichi kwenye ndimu, yanageuka mekundu. Tia kwenye maji ya magadi, yanageuka kijani mbele ya macho yako. Watoto walipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Walijaribu siki, sabuni, maziwa lala, majivu, kila kitu kilichokuwa jikoni, wakapanga vikombe kwa rangi, kutoka vyekundu hadi vya kijani. Hapo ndipo niliwaambia: maji ya ziwa letu yangekaa upande huu wa magadi.

Na ile sahani? Siku ya tatu maji yalikuwa yameisha, na ukoko mweupe umebaki. Mwanangu akaukwaruza kwa ukucha akauangalia muda mrefu. Nikamwuliza maswali mawili tu. Mito gani inaingia ziwani? Njoro, Makalia, Nderit. Na mto gani unatoka? Kimya. Akaenda kuangalia ramani. Akarudi. "Hakuna unaotoka. Maji yanatoka kwa jua, kama kwenye sahani. Magadi yanabaki." Nikanyamaza. Dakika chache baadaye akamalizia mwenyewe: "Sasa mvua imezidi. Ni kama mchuzi ulioongezwa maji."

Hapo sasa, ndipo jina likaja. Nikamweleza kuhusu spirulina, kiumbe kidogo sana cha majini kisichoonekana kwa jicho tupu, kinachopenda maji mazito ya magadi. Heroe huinamisha kichwa juu chini na kukichuja kwa mdomo. Wekundu wao hutoka kwenye chakula hicho, maana kifaranga cha heroe huanguliwa akiwa wa kijivu. Maji yakiwa mepesi chakula hupungua, nao huhamia Bogoria na maziwa mengine. Tulipokwenda mbugani baadaye, tukaona ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji, vigogo vikavu vyeupe. Watu wengi kwenye magari walikuwa wakiuliza simba yuko wapi. Mwanangu alikuwa anahesabu migunga. Alijua kila mmoja ulikuwa nchi kavu zamani, na alijua kwa nini.

Wazazi wenzangu, kazi ngumu kuliko zote katika kufundishia nyumbani si sayansi. Ni kunyamaza. Ukimjibu mtoto upesi, umelifunga swali. Mimi ni mwepesi wa kujibu na nimejifunza kwa tabu. Naomba niwaeleze siku ambayo nashukuru sana kwamba sikujibu.

Binti yetu alikuwa na miaka 7. Alirudi kutoka kucheza akasema, "Mama, yule kijana aliyehamia plotini hapigi mswaki. Meno yake ni ya kahawia." Watoto wengine walikuwa wakimcheka, naye alikuwa amecheka pamoja nao. Ningeweza kumkaripia, na ningekuwa na haki. Nikamwuliza: umemwona asubuhi? Hapana. Basi umejuaje? Kesho yake aliamka mapema mwenyewe, akasimama dirishani. Kijana alikuwa bombani, anapiga mswaki, tena kwa bidii kuliko yeye.

Basi ni nini? Swali hilo lilitushughulisha wiki tano. Tuliuliza kwa heshima, na mama wa yule kijana alitupokea vizuri, Mungu ambariki. Walikuwa wamelelewa kwa maji ya kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine. Tukachukua lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, linalookotwa huku kwetu, tukaliweka kwenye karai la maji. Likaelea. Jiwe linaelea! Kwa nini? Limejaa matundu, povu la volkano lililoganda. Ardhi yote hii tunayokalia ilitoka tumboni mwa volkano, na Menengai ni mojawapo. Maji yanayokaa kwa muda mrefu ndani ya miamba hiyo huyeyusha madini, na mojawapo ni floraidi. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi, wakati meno ya mtoto bado yanaumbika ndani ya ufizi, meno hutoka yakiwa na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki unaoyaondoa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Na hapa hapa Nakuru kuna vichujio vinavyotengenezwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa kuwa mfupa hunasa floraidi, kama vile jino linavyoinasa.

Binti yangu aliandika kwenye daftari lake, na karatasi hiyo nimeihifadhi: "Meno si uchafu. Ni mlima." Kisha akaenda kwa wale watoto wenzake, peke yake, sikumtuma, akawaambia. Halafu akaenda kwa yule kijana. Waliyozungumza siyajui. Mnaona? Sayansi ilimfanya mtoto wangu aombe msamaha. Ningemjibu siku ile ya kwanza kwa sentensi moja, sidhani tungefika hapo.

Mtaniuliza, na hesabu je? Na mtihani? Nitapita hapa haraka. Mwaka jana tuliweka chupa yenye pande zilizonyooka uani na rula ndani yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa letu linafunika mita 60 za mraba. Usiku mmoja zilinyesha milimita 20. Watoto wakakokotoa: lita 1,200. Tangi letu ni la lita 1,000. Wakatoka nje kuangalia, na kweli lilikuwa linafurika, wakajua na kiasi kilichomwagika. Hesabu ya namna hiyo mtoto haisahau akiikuta kwenye karatasi.

Sasa niwaseme wazee, kwa uzuri. Hatufundishi peke yetu, na tukijaribu peke yetu tutachoka. Nyumbani kwetu ni Vihiga. Mvua zilipoanza tuliwapeleka watoto kwa kukhu wao, yaani nyanya yao. Kukhu hakumaliza shule ya msingi. Lakini aliwapeleka watoto kwenye kichuguu nyuma ya boma, akakifunika, akawapa vijiti na kipande cha ubao, akawaambia wapige. Tapa tapa tapa, bila kuacha. "Mnapiga nini, kukhu?" "Mvua." Kumbikumbi waliokuwa chini wakasikia mvua, wakatoka jua likiwaka.

Kukhu anajua kichuguu kipi hutoa kumbikumbi mchana na kipi hutoa usiku. Anajua uyoga upi huota juu ya kichuguu na unaliwa. Nilipowaeleza watoto kwamba mchwa hulima kuvu ndani ya nyumba yao, bustani kabisa, na kwamba uyoga ule wa kichuguu hutoka kwenye bustani hiyo, kukhu aliniangalia akasema, "Sasa wewe umejifunza hayo chuo kikuu?" Sisi tulikaa kwa magoti mpaka giza likaingia, tukiwafuata kumbikumbi waliokwisha kudondosha mbawa. Wanatembea wawili wawili, jike mbele, dume nyuma, wanatafuta mahali pa kuchimba. Mbawa ni za safari moja tu, ya kuondoka nyumbani. Wengine tuliwala, wakiwa wamekaangwa kwa chumvi. Mzazi aliye na mzee nyumbani anayejua mambo haya, nakusihi, usingoje. Mwaka huu nenda na daftari.

Kabla sijamaliza, usalama, na hapa naomba msikie. Wale wa Kisumu, Homa Bay na Busia: msiwaache watoto waingie kwenye maji ya kando ya ziwa kwa jina la sayansi. Kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono, hasa mchana jua likiwa kali, na hupenya ngozi bila kuuma. Mkitaka kuchunguza maji, mtu mzima achote kwa ndoo akiwa amevaa gambuti na glavu, na maji yakae siku mbili bila konokono ndani kabla mtoto hajatia mkono. Kule Dunga, Kisumu, mnaweza kukaa nchi kavu mkatazama ndege kwenye mafunjo asubuhi nzima, na mkarudi wiki ijayo palepale. Na yule mdudu mwekundu na mweusi, Nairobi flai, mtoto akimwona mkononi ampulize aende. Asimpige. Sumu iko ndani yake, na hutoka akipondwa. Nyasi ndefu, gambuti. Kichuguu cha zamani chenye shimo, usitie mkono, maana mchwa wakihama nyoka huhamia. Watoto wangu wanayajua haya kwa moyo, na hawaogopi kutoka nje.

Nimalizie na kazi tuliyo nayo. Tarehe 20 mwezi huu jua linavuka ikweta. Saa sita na dakika 43, kwa hesabu yetu, ufito wa mita moja hapa Nakuru utabaki karibu bila kivuli. Kuna familia moja Lodwar, wanafundishia watoto wao kama sisi, nao wamesimamisha ufito wa mita moja kwa timazi. Lodwar iko kaskazini yetu, karibu kwenye mstari uleule wa kaskazini hadi kusini. Wao kivuli chao hakitatoweka. Kitakuwepo, kifupi, kikielekea kaskazini. Watakipima na kutupigia simu palepale, tutaiweka kwa sauti ili kila mtoto asikie kipimo.

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, huko Misri, msomi mmoja aitwaye Eratosthenes alitumia vivuli vya miji miwili kupima ukubwa wa dunia nzima. Watoto wetu watakuwa na vivuli viwili, ramani ya Kenya, rula na kipimapembe. Watapewa mchana wote, na uji.

Ninyi wazazi mnaolijua jibu tayari, naomba siku hiyo mkae kule nyuma, chini ya mti, na mnyamaze. Watoto, tukutane uwanjani hapa saa sita kamili. Kila mmoja aje na uzi na nati.